Kuchagua Kampuni ya Uuzaji wa Moja kwa Moja: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kutoa Fedha

Uuzaji wa moja kwa moja ni utaratibu wa biashara ambapo bidhaa humfikia mlaji kwa mkono wa muuzaji anayemfuata nyumbani, kazini au katika mikusanyiko, bila kupitia dukani. Utaratibu huu si mgeni nchini mwetu. Mwanamke anayezungusha vitenge maofisini kwa mali kauli, akaandika majina katika daftari na kurudi mwisho wa mwezi kukusanya fedha zake, anafanya uuzaji wa moja kwa moja, ijapokuwa hajapata kuuita hivyo. Marekani, kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Avon ilianza mwaka 1886 kwa kuuza manukato nyumba kwa nyumba, na kwa miaka mingi wauzaji wake wengi walikuwa wanawake waliokuwa na nafasi finyu ya kupata ajira nyingine.

Jambo ambalo kampuni za siku hizi zimeliongeza ni malipo ya aina ya pili. Muuzaji halipwi kwa alichouza peke yake, bali pia kwa manunuzi ya watu aliowaingiza, na ya wale walioingizwa na hao, ngazi kwa ngazi. Hapa kwetu mpango huo huitwa biashara ya mtandao. Zipo kampuni zinazouendesha kwa halali, na zipo nyingine ambazo bidhaa kwao ni kifuniko tu cha upatu. Kwa mtu aliyekaa katika ukumbi wa semina, kampuni hizo mbili hufanana sana: nyimbo ni zilezile, picha za magari ni zilezile, na mzungumzaji huvaa suti ileile. Somo hili linakusudia kumsaidia msomaji azitofautishe kabla hajatoa akiba yake, fedha za kikoba au, lililo baya zaidi, fedha za mkopo.

Fedha inatoka wapi?

Hili ndilo swali la kwanza, na kwa maoni yetu linapita maswali mengine yote. Katika biashara ya kweli, fedha hutoka kwa mlaji wa mwisho: mtu aliyenunua sabuni kwa kuwa anataka kuoga, wala hana habari na ngazi wala kamisheni. Katika upatu haramu, fedha hutoka kwa wanaojiunga. Wanaoingia leo hulipa walioingia jana, nao hungoja walipwe na watakaoingia kesho.

Inafaa tutue kidogo kwenye neno lenyewe, maana neno upatu limewahi kuwaponza watu. Upatu ambao akina mama huchezeshana mtaani ni jambo jema. Watu kumi wanachanga kiasi kilekile kila mwezi, kila mmoja anapokea fungu kwa zamu yake, na mwisho wa mzunguko kila mtu amepata kile alichokitoa. Hakuna aliyeahidiwa zaidi ya mchango wake. Upatu haramu umechukua jina na imani ya mchezo huo, kisha ukaongeza ahadi ya kuvuna maradufu. Ziada hiyo haitokani na kazi wala bidhaa yoyote, kwa hiyo haina budi kutoka mfukoni mwa mtu mwingine. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, inauhesabu upatu wa namna hiyo kuwa kosa la jinai.

Wengi wanakumbuka DECI. Washiriki walielekezwa "kupanda mbegu" na kusubiri kuvuna, hadi mwaka 2009 Serikali iliposimamisha shughuli zake. Mwaka 2013, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu jijini Dar es Salaam iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. DECI haikuwa na bidhaa. Waliokuja baada yake walijifunza, wakaweka mbele chupa ya dawa ya meno, pakiti ya chai au mkufu, ili mtu akiuliza biashara ni ya nini apate cha kuonyeshwa. Ndiyo maana kuwapo kwa bidhaa peke yake hakuthibitishi chochote.

Kwa nini mpango wa kutegemea wanaojiunga lazima uanguke? Hesabu inajibu. Chukua mpango unaomtaka kila mtu alete watu 6. Mwanzilishi analeta 6, hao wanaleta 36, nao wanaleta 216. Ngazi ya 4 inahitaji watu 1,296, ya 5 watu 7,776, ya 6 watu 46,656. Hadi hapa bado inaonekana yawezekana. Nchi ni kubwa. Ngazi ya 7 ni watu 279,936, ya 8 ni 1,679,616, ya 9 ni 10,077,696, na ya 10 ni 60,466,176. Ukijumlisha ngazi zote pamoja na mwanzilishi unapata watu 72,559,411. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Watanzania 61,741,120, wakiwamo watoto wachanga.

Hata kabla ya kufika huko, tazama walipo wengi. Katika mpango wa watu sita sita, ngazi ya mwisho hubeba takriban watu watano katika kila sita waliomo, wakati wowote utakaousimamisha. Hao hawana mtu chini yao. Kwa hiyo anayekuambia kwamba waliokosa kitu ni wavivu anakuficha jambo: mpango wenyewe umepangwa ili wengi wasiwe na wa kuwalipa, hata wote wangekuwa na bidii sawa.

Vigezo vilivyokwisha kujaribiwa

Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitoa uamuzi katika shauri la kampuni ya Amway ambao hadi leo hutajwa kila panapozungumzwa mambo haya. Tume hiyo iliona kwamba mpango wa Amway haukuwa upatu, na sababu zake zinafaa kuzingatiwa na mlaji wa Mbeya au Tanga kama zilivyofaa kule. Kampuni haikuwalipa watu kwa kuandikisha wengine tu. Ilikubali kununua tena bidhaa ambazo muuzaji alishindwa kuziuza. Iliwataka wauzaji wawe wameuza angalau asilimia 70 ya walichokwisha kununua kabla ya kuagiza tena. Tena iliwataka waonyeshe kwamba wameuza kwa wateja 10 wa rejareja kila mwezi. Pamoja na hayo, Tume iliikuta kampuni hiyo na kosa la kukuza mno madai ya mapato ambayo muuzaji angeyapata, na hilo linatufundisha kwamba mpango waweza kuwa halali na matangazo yake yakapotosha.

Baadaye, mwaka 2016, kampuni ya Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 katika makubaliano na Tume hiyohiyo, na kubadili mpango wake ili malipo ya wauzaji yafuate mauzo halisi yanayoweza kuthibitishwa badala ya kufuata manunuzi ya wanachama.

Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo inayopotea haraka katika semina. Kampuni nyingi zinaposema "mauzo" humaanisha shehena iliyotoka katika ghala lao kwenda kwa wanachama. Chupa ikiwa chini ya kitanda chako, kwako bado haijauzwa. Kwa kampuni, na kwa aliyekuingiza, imekwisha kuuzwa, kamisheni yake imekwisha kulipwa, na hakuna tena mwenye haraka. Basi muulize anayekualika: katika chupa mia zilizochukuliwa na kikundi chako mwezi uliopita, ngapi zilinunuliwa na watu wasio wanachama? Kama kwa jibu anakueleza juu ya safari ya Dubai, umekwisha kujibiwa.

Hesabu ya mezani

Mama anayechoma vitumbua anajua ifikapo saa nne asubuhi kama siku hiyo ameingiza faida au hasara. Anajua bei ya mchele, ya sukari, ya mafuta na ya mkaa. Mtu huyohuyo akiingia katika biashara ya mtandao aghalabu huacha hesabu zake mlangoni, kwa sababu ameonyeshwa jedwali la ngazi na pointi ambalo halifanani na hesabu yoyote aliyoizoea. Tunashauri uirudishe hesabu ya vitumbua.

Tuseme kampuni inakutoza shilingi 50,000 za kujiunga. Losheni unainunua kwa shilingi 15,000 na kuiuza kwa 20,000. Ili "ubaki hai", yaani uendelee kustahili kamisheni, sharti ununue chupa 20 kila mwezi, ambazo ni shilingi 300,000. Ukiziuza zote unapokea shilingi 400,000, na semina itakuambia kwamba faida yako ni 100,000. Sasa weka mezani yale ambayo semina haikuyataja: nauli za kwenda ofisi ya kampuni, 8,000, kiingilio cha semina za mwezi, 10,000, kifurushi cha intaneti, 15,000, bodaboda za kuwapelekea wateja, 24,000, makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, 6,000. Jumla ni 63,000. Faida imebaki 37,000, na hiyo ni kwa mwezi ambao hukubakiza hata chupa moja, wala hakuna mteja aliyekukopa. Kama kazi hiyo ilikuchukua saa 15 kwa wiki, umelipwa shilingi 617 hivi kwa saa, na zile 50,000 za kujiunga bado hazijarudi.

Ukiuza chupa 14 badala ya 20, gharama zikiwa zilezile, umepokea 280,000 na umetoa 363,000. Pengo ni 83,000. Una chupa sita kabatini, ni kweli, lakini mwezi ujao utanunua 20 nyingine, kwa kuwa usiponunua utapoteza nafasi yako. Baada ya miezi sita ya kuuza chupa 14, kabati lako lina chupa 36 zilizokugharimu shilingi 540,000, na tarehe ya mwisho wa matumizi yake inakaribia. Katika mfano huu muuzaji anahitaji kuuza chupa 19 kati ya 20, kila mwezi bila kukosa, ndipo gharama zake za mwezi zirudi. Badilisha tarakimu zetu uweke za kampuni unayoifikiria. Kama kampuni haikupi tarakimu za kutosha kuikamilisha hesabu hii, usijiunge mpaka ikupe.

Sharti la manunuzi ya kila mwezi ndilo tunaloliogopa kuliko mengine. Ada ya kujiunga huumiza mara moja. Sharti hili huumiza kila mwezi, na ndilo linalowasukuma watu kwenye mikopo ya kausha damu ili "wasishuke ngazi". Kampuni inayojiamini juu ya bidhaa yake humwacha muuzaji anunue kwa kadiri anavyouza.

Kuhusu mapato makubwa yanayoonyeshwa jukwaani, msomaji asibishane nayo, aombe uthibitisho tu. Picha ya ufunguo wa gari haielezi kama gari ni la mkopo. Kinachofaa ni taarifa ya malipo ya miezi 12 mfululizo ya mtu huyo, pamoja na stakabadhi za alichonunua katika miezi hiyohiyo. Na zaidi ya hapo, takwimu ya kampuni kuhusu kipato cha wanachama wake wote, si cha watano walioalikwa kuzungumza.

Bidhaa, bei na madai

Fikiria kwamba kuanzia kesho hakuna mtu mpya atakayejiunga. Je, kuna jirani atakayenunua bidhaa hii kwa bei hii? Nenda Kariakoo, au soko kubwa la mji wako, utazame bidhaa ya aina hiyo inauzwaje. Ikiwa dawa ya meno ya kampuni ni mara nne ya bei ya dukani, mnunuzi wake pekee atakuwa mwanachama anayelazimika kununua.

Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kwa hiyo bidhaa yoyote unayotakiwa kuiuza ulizia kwanza kwa mamlaka inayohusika. Losheni za kung'arisha ngozi ziangaliwe kwa makini zaidi, maana viambato kama zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku katika vipodozi. Tena tahadhari na madai ya uponyaji. Kinywaji kinachosemekana kutibu kisukari, shinikizo la damu, uvimbe na ugumba kwa pamoja ni kinywaji cha kutiliwa shaka. Anayelipeleka dai hilo kwa mgonjwa ni wewe muuzaji, na mgonjwa huyo huenda akaacha dozi yake ya hospitali kwa neno lako. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na haisemi kwamba muuzaji wa nyumbani ameachwa nje.

Usajili na mkataba

Taarifa za usajili wa kampuni zinapatikana kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Chunguza jina, tarehe ya usajili na wakurugenzi. Lakini usiache kuchunguza hapo. Cheti cha BRELA kinathibitisha kwamba kampuni imesajiliwa. Hakithibitishi kwamba mpango wake wa malipo ni halali, na kukitundika ukutani ni mbinu ya kale ya kutuliza wasiwasi. Kampuni inayopokea fedha na kuahidi riba inahitaji leseni nyingine kabisa: kwa amana ni ya Benki Kuu ya Tanzania, na kwa uwekezaji katika dhamana ni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kufanyia biashara nyumbani pia hakukuondolei wajibu wa leseni na kodi. Muulize afisa biashara wa halmashauri yako na ofisi ya TRA iliyo karibu.

Mkataba uusome nyumbani, si ukumbini. Kama umeandikwa kwa Kiingereza na hukielewi vizuri, omba nakala ya Kiswahili au mpelekee mtu unayemwamini akusomee. Tafuta vifungu vinavyohusu kurudisha bidhaa: una siku ngapi, utarudishiwa asilimia ngapi ya bei uliyolipa, nani atalipia usafiri, na je, chupa ambayo katoni lake limefunguliwa inakubalika? Tafuta pia kamisheni inalipwa kwa nini hasa. Pointi si fedha mpaka mkataba useme pointi moja ni shilingi ngapi, na nani ana mamlaka ya kuibadili thamani hiyo. Kwa mipango inayoendeshwa kwa programu ya simu, angalia kiwango cha chini cha kutoa fedha. Salio la shilingi 400,000 linalosomeka kwenye skrini, huku programu ikidai ulipe kwanza 60,000 ili ufungue akaunti ya kutolea, ni dalili kwamba hiyo fedha haipo.

Anayekualika akiwa ni nduguyo

Ugumu mkubwa wa biashara hii ni kwamba mwaliko hauletwi na mgeni. Huletwa na shemeji, na dada wa kwaya, na mwalimu mwenzako. "Wewe njoo tu usikilize, dada, si lazima ujiunge." Mtu anayejua kumkatalia mfanyabiashara asiyemjua hushindwa kumkatalia mamdogo wake, na kampuni zinaufahamu udhaifu huo vizuri kuliko sisi. Muungwana hakatai kwa ukali, lakini anaweza kuomba muda. "Mamdogo, nimekusikia na nimekushukuru kwa kunikumbuka. Naomba mkataba na orodha ya bei nikavisome nyumbani, nitakujibu Jumamosi." Mwenye biashara njema atavikabidhi. Akikujibu kwamba nafasi zinafungwa usiku huu, au kwamba mkataba hautoki nje ya ukumbi, umepata habari yenye faida bila kutoa senti.

Fikiria pia upande wa pili. Wakati utafika ambapo wewe ndiye utakayemwalika mtu. Andika majina ya watu kumi ambao ungewaendea kwanza, kisha jiulize kama ungeweza kukaa nao msibani au harusini ikiwa wamepoteza fedha zao kwa ushauri wako. Watu wengine, wakiandika orodha hiyo, huacha mpango mzima hapohapo.

Kwa aliyekwisha kujiunga

Acha kwanza kununua shehena mpya, hata kama unatishiwa kushushwa ngazi. Hesabu kilichopo kabatini, andika idadi na tarehe za mwisho wa matumizi, kisha iandikie kampuni barua ya kuomba kurudisha bidhaa kwa mujibu wa mkataba, ndani ya siku zilizotajwa humo. Barua hiyo iwe na nakala, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa au itumwe kwa njia inayoacha kumbukumbu. Ombi la mdomo kwa aliyekuingiza halitoshi, kwa kuwa mara nyingi yeye si mwajiriwa wa kampuni na kamisheni yake inategemea wewe usirudishe.

Usiposikilizwa, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani ukiwa na mkataba, stakabadhi, ujumbe wa miamala ya simu, vipeperushi, na picha za mazungumzo ya kundi la WhatsApp ambamo mapato yaliahidiwa. Ujumbe huo uhifadhi mapema. Makundi hayo hufutwa pindi malalamiko yanapoanza. Palipo na dalili za upatu haramu au wizi wa fedha, taarifa ipelekwe pia polisi. Walioingizwa na mtu mmoja wakileta malalamiko yao pamoja huwarahisishia wachunguzi kuona fedha ilipita kwa nani na ikaishia wapi.